Posta Kwanza

Mume wangu alikuwa dereva wa basi, na basi lake lilibeba posta. Leo ukimwambia mtu hivyo hakuelewi, atakuuliza posta kitu gani. Lakini miaka ile ya themanini Malindi nzima ililisubiri basi lile. Kina mama wenye vijana Uarabuni walilisubiri. Walimu waliotarajia barua za uhamisho walilisubiri, na wafanyakazi wa mahoteli, na matajiri wenye maduka. Likichelewa, ungewakuta watu wamekaa kwenye vipandio vya posta wanajipepea kwa magazeti na kusema maneno makali juu ya mtu wasiyemjua kwa sura, na mtu huyo ni mume wangu.

Magunia yenyewe yalikuwa ya turubai, yamefungwa kwa kamba na kubanwa na muhuri wa risasi. Hayakupandishwa juu kwenye keria pamoja na matenga ya nyanya na kuku. Yaliwekwa ndani, nyuma ya kiti cha dereva, na hakuna abiria aliyeruhusiwa kuyakalia. Mvua ikivuja, abiria watarowa lakini magunia yatasogezwa. Mume wangu aliyajali kama mtu anavyojali mkojo wa mtoto kwenye godoro la wageni, yaani kila mara anageuka kutazama.

Fahari ile aliirithi. Babu yake, mzaa baba, alikuwa tarishi zama zile barua zilipokwenda kwa miguu. Alitoka Malindi mpaka Mombasa na mfuko begani, akilala njiani Takaungu, na penye hori la Kilifi akivushwa kwa mtumbwi. Ilisimuliwa nyumbani kwao kwamba mtumbwi ukiwa umejaa, mtu mmoja huteremka ili tarishi apite. Mume wangu alinisimulia hayo mara ya kwanza nikiwa bado bibi arusi, niko ndani na hina haijakauka vizuri. Nilicheka nikamwuliza, "Na huyo aliyeteremka alikwenda wapi?" Akasema, "Alingoja."

Wakati huo daraja la Kilifi halijajengwa. Ukitoka Mombasa unafika Mnarani, unashuka mteremko, unapanga foleni ya feri. Foleni siku nyingine ilipanda mpaka juu kabisa, malori na magari madogo, watu wamelala chini ya miti ya mikanju wakingoja, wauzaji wa korosho na madafu wakipita dirisha kwa dirisha. Basi la posta halikupanga foleni. Likionekana tu juu ya mteremko, askari wa feri alipuliza filimbi na kupiga kelele, "Posta kwanza! Posta kwanza!" Magari yakajibana pembeni, na basi likapita katikati mpaka mbele. Nilipanda basi hilo mara nyingi kwenda kumwona dada yangu Mombasa. Siwezi kusema kwamba nilichukia kupishwa. Nilikuwa nikikaa kiti cha mbele na kutazama watu wanaopisha, na nilijiona mke wa mtu.

Siku ninayotaka kuisimulia sikuwamo. Nilikuwa nyumbani na mimba changa ya mtoto wetu wa nne, kila kitu kinanuka, hata maji. Ilikuwa wakati wa masika. Mume wangu alirudi kama kawaida, akaoga, akala, akalala. Hakusema neno, kwa sababu kwake hakukuwa na neno la kusema. Alikuwa amefikisha posta.

Kesho yake ndipo aliporudi akiwa mtu mwingine. Nilimwekea chakula, akakitazama. Nikamwuliza kama ana homa. Akasema, "Mke wangu, jana nimeua mtoto."

Nilidhani amemgonga mtoto wa watu barabarani. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia aseme polepole.

Alisema kwamba jana yake alipofika Mnarani alipishwa kama kawaida. Feri ilikuwa imekwisha kuchukua lori la saruji, na nafasi iliyobaki ilitosha ama basi lake au magari mawili madogo. Gari lililokuwa mbele ya foleni lilikuwa pikapu. Askari aliiamuru irudi nyuma, ikarudi. Hapo kijana mmoja akaruka kutoka nyuma ya pikapu, akaja mpaka dirishani kwa mume wangu. Kijana wa Kigiriama, kifua wazi, amejifunga shuka. Akasema, "Baba, nina mke wangu pale ndani, ana uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Tunampeleka hospitali ng'ambo. Nipishe mimi nitangulie."

Mume wangu akamwambia, "Feri inakwenda na kurudi, ndugu yangu. Si muda. Utavuka zamu ijayo."

Basi likaingia. Feri ikavuka, ikateremsha lori na basi upande wa Kilifi, na mume wangu akaendelea na safari yake. Hakujua kilichotokea nyuma yake mpaka siku ya pili, alipokuwa anarudi Mombasa na muuza korosho mmoja aliyemzoea akamwambia. Feri ilipomaliza kuteremsha ilikataa kuwaka. Feri ya pili ilikuwa matengenezoni. Mafundi walihangaika na injini mpaka alasiri. Wale wa pikapu walingoja, kila dakika wakiambiwa inakuja, inakuja, mpaka walipokata tamaa wakambeba yule mwanamke na godoro lake na kumtia katika mtumbwi wa mvuvi. Alifika hospitali. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Mume wangu aliponyamaza nilimwambia lile ambalo mke yeyote angesema. "Wewe ulikuwa kazini. Askari ndiye aliyekuita. Ungejuaje kwamba feri itaharibika?"

"Aliniomba," akasema.

"Watu wangapi wanakuomba pale?"

"Aliniomba nikamsikia."

Nilidhani yatapita. Mvua zilipita, Ramadhani ikaja ikapita, na hayakupita. Usiku hakuzungumza juu ya jambo lolote lingine, na kila alivyosimulia maneno yake yalibadilika. Mara ya kwanza alisema alimwambia yule kijana "ndugu yangu". Baadaye "ndugu yangu" ikaondoka, ikawa, "Nilimwambia ngoja zamu yako." Kisha ikawa, "Nilimwambia mimi nabeba posta, kamwambie askari." Mwishowe alisema kwamba hakumjibu hata kidogo, alipandisha kioo tu. Mimi nilikumbuka alivyosema mara ya kwanza, nikamkumbusha. Akanitazama kama ninayemdanganya ili kumfariji.

Na tumbo langu likawa linakua. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi ndani ya nyumba. Kwa watoto wetu watatu wa kwanza alikuwa mtu wa kuweka kiganja na kungoja mtoto acheze, kisha anacheka peke yake. Kwa huyu hakuweka mkono. Tukiwa tumekaa ukumbini aligeuza uso upande wa mlango. Nami, bila kujua nimeanza lini, nikawa navaa kanga mbili na kuzilegeza, nikawa nainuka kwa ukimya ili asisikie nikihema. Kwenye nyumba yangu mwenyewe nilikuwa nikiificha mimba ya halali kama msichana aliyeharibikiwa. Sikuwa nimefanya kosa lolote. Lakini mtoto alipokuwa akipiga teke nilijikuta nasema moyoni, samahani, na sikujua namwambia nani.

Kazini nako alibadilika. Alikataa kupishwa. Askari akipuliza filimbi, yeye alizima injini nyuma ya gari la mwisho na kukaa. Abiria walimtukana. Alisimama kwa kila aliyemnyooshea mkono, mgonjwa na asiye mgonjwa. Akimwona mwanamke mjamzito kituoni aliteremka mwenyewe kumshika mkono, na wanawake wengine waliogopa, wakadhani ana kichaa. Posta ikawa inafika Malindi jioni, ofisi imefungwa. Watu wa posta walilalamika kwa kampuni, kampuni ikamwita mara moja, ikamwita tena. Mwenye basi, aliyekuwa akimpenda, alimwambia, "Mimi nina mkataba na posta, sina mkataba na huruma yako." Mume wangu alirudi akaniambia maneno hayo bila hasira. Alisema mwenye basi ana haki.

Jambo moja alilificha kwa muda mrefu, na nililijua kwa yule muuza korosho siku moja nilipokwenda kwa dada yangu. Yule kijana alikuwa akipita feri mara kwa mara, analeta mkaa Kilifi kwa baiskeli. Mume wangu alikuwa akimwona. Kila akimwona aliinama chini ya usukani kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

Niliporudi nilimwambia, "Nenda ukamwone."

"Nikamwambie nini?"

"Sijui. Lakini mtu mzima huwezi kuwa unainama chini ya usukani."

Alikwenda kazini akarudi. Kisha akasema hawezi kwenda peke yake, kwa sababu jambo lenyewe ni la mwanamke, na mwanamume hawezi kuingia nyumba ya mtu kuzungumza mambo ya uzazi wa mke wa mwenzake. Kwa hiyo nilikwenda naye. Nilikuwa na miezi minane. Buibui linaficha mambo mengi lakini hilo halifichi. Nilifunga doti ya kanga mpya, sukari, unga na majani ya chai, nikavitia kikapuni, na njia nzima nilikishika kikapu mbele ya tumbo.

Muuza korosho alituonyesha njia. Nyumba ilikuwa ndani, mbali na barabara, katikati ya minazi na mihogo. Yule kijana alikuwa akisuka makuti. Alipotuona alisimama, na nilimwona akimtambua mume wangu tangu mbali, kabla hatujapiga hodi. Alituletea kigoda na kiti kimoja cha kamba, akaniambia mimi nikae kwenye kiti.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba," mume wangu akasema. "Unanijua?"

"Nakujua. Wewe ni basi la posta."

"Nimekuja kwa lile jambo la feri."

"Nimejua ulipoingia tu," kijana akasema. "Kila siku nakuona pale. Nilikuwa najiuliza kama wewe unanijua mimi, au unaumwa na mgongo."

Laiti angekuwa anacheka. Hakuwa anacheka, alikuwa akieleza tu. Mume wangu akaanza maneno yake, aliyokuwa akiyapanga tangu alfajiri: kwamba alimdharau, kwamba alimpandishia kioo, kwamba hakumjibu. Kijana akamkatiza.

"Hapana, baba. Hukunipandishia kioo. Ulinijibu vizuri. Uliniambia, feri inakwenda na kurudi, ndugu yangu, si muda."

Mume wangu alinitazama. Nilitazama chini.

"Hilo ndilo linaloniuma mimi," kijana akaendelea. "Ungenitukana ningepigana. Ningelala mbele ya gurudumu, na watu wangekuja, na pengine askari angeona haya. Lakini ulisema ndugu yangu, na mimi nikaona huyu ni mtu mwema, anajua anachosema. Nikarudi nikamwambia mke wangu, tulia, dereva amesema si muda. Nikamsaidia mwenye pikapu kurudisha gari nyuma. Mimi mwenyewe nilimwonyesha kwa mkono, njoo, njoo, bado, njoo."

Alionyesha kwa mkono jinsi alivyofanya. Kisha mkono ule akauweka kwenye goti na kuutazama.

Nikauliza mkewe yuko wapi. Akasema yuko kwao, Rabai. Mama yake alimchukua wiki ya kwanza tu baada ya kutoka hospitali. Mama mkwe alisema mwanamume anayesogeza gari ili mke wake afe hana haja ya mke. Alisema hivyo mbele ya wazee wa pande zote mbili, na yeye alikubali, kwa sababu gari kweli alilisogeza.

"Twende Rabai," mume wangu akasema.

Kijana alishtuka. "Ukafanye nini?"

"Nikamwambie kwamba aliyesogeza gari ni mimi."

Nilimwambia mume wangu njiani kwamba hii si kazi yetu tena, kwamba kuingia katika mambo ya watu na wakwe zao ni kuchokoza nyuki. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba. Na nilikuwa na sababu nyingine niliyoona aibu kuitaja. Sikutaka yule msichana anione.

Tulikwenda Jumapili iliyofuata, sisi wawili na yule kijana. Tulipita Mombasa, tukateremka Mazeras, tukapanda kwenda Rabai kwa mwendo wangu mimi, yaani polepole sana, kijana akitangulia na kungoja, akitangulia na kungoja. Nyumba ya wakwe zake ilikuwa juu kilimani, penye upepo. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa rika la mama yangu. Alikuwa akipukuchua mahindi. Alimwona mkwewe, akaendelea kupukuchua.

Nilimwamkia. Akaniitikia, akanitazama tumbo, akaita ndani, "Leteni mkeka wa mgeni." Aliyeleta mkeka alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, nywele zimesukwa upya. Hakuna aliyeniambia, lakini nilijua ndiye. Alipoutandika mkeka aliinua macho akaona nilivyo. Alitazama kidogo tu, kisha akaniambia, "Keti, mama, unyooshe miguu." Akaingia ndani. Nilinyoosha miguu kama nilivyoambiwa. Sijawahi kukaa mahali nikajisikia mkubwa hivyo, kama nimechukua nafasi ya watu wote.

Mume wangu hakukaa. Alisimama uani mbele ya yule mama na kofia yake mkononi. Akasema, "Mama, mimi ndiye dereva wa basi lililoingia feri siku ile. Mkweo aliniomba nimpishe. Nilisikia, nilielewa, na nilikataa. Ningetaka, askari asingenizuia. Kama kuna mtu wa kulaumiwa ni mimi. Huyu kijana hana kosa. Nimekuja kuyasema haya kwa mdomo wangu ili usimwekee yeye kinyongo."

Mama aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zikianguka kwenye ungo. Kisha akasema, "Kwa hiyo mko wawili."

"Ndiyo, mama."

"Umetoka Malindi kuja kuniambia hivyo."

"Ndiyo."

"Na mkeo mjamzito umemkokota mpaka huku juu."



Yule mama aliweka gunzi chini. Aliposema, hakumtazama mume wangu wala mkwewe, alinitazama mimi, na sauti yake ilikuwa ya hasira kweli, kama mimi ndiye niliyemkosea. "Unajua, mwanangu, walitaka kumbeba. Huyu mkwe wangu na mwenye pikapu. Basi lilipokuwa linaingia walisema, tumbebe na godoro, tupande kwa miguu, feri haikatai watu wa miguu. Nani alikataa? Mimi. Nilisema mwanangu hatabebwa kama maiti mbele ya watu wote, atangoja avuke ndani ya gari. Nilikuwa nimemshika kichwa. Nilisema, tungoje."

Msichana alikuwa amerudi na kata ya maji. Alisimama mlangoni, na maji yalikuwa yakimwagika kidogo kidogo kwenye kizingiti. Nilimwona kijana akimtazama mkwewe kwa mdomo wazi. Alikuwepo pale, alilijua jambo lile tangu siku ile. Miezi yote aliyokuwa akilaumiwa hakulitaja. Sijui kama ni heshima ya mkwe au ni kwamba alijiona hana haki ya kulitaja.

Msichana akaja akanipa maji. Akamwambia mama yake kwa Kirabai maneno machache ambayo sikuyashika. Mama akainuka, akabeba ungo wake, akaingia ndani, na hatukumwona tena siku hiyo. Tulipewa chakula, wali na mchicha wa nazi, na hatukuweza kukataa. Tulikula, kisha tukaondoka. Kijana naye aliondoka nasi. Mke wake alibaki.

Njiani mume wangu alisema, "Nimeharibu zaidi."

Nilitaka kumwambia hapana, lakini sikuwa na hakika.

Nilijifungua wiki chache baadaye, mtoto wa kike, salama, hospitali ya Malindi, mwendo mfupi kutoka nyumbani, bila mto wala hori la kuvuka. Mume wangu alimwadhinia sikioni, na sauti yake ilikatika katikati, akaanza tena. Mwezi huohuo kampuni ilimpa basi dereva mwingine. Hawakumfukuza kwa matusi. Walimwambia tu kwamba posta inataka mtu wa haraka. Akapata kazi ya lori la chumvi upande wa Gongoni, kipato kidogo kuliko cha kwanza, macho mekundu kila jioni kwa vumbi jeupe. Barazani watu walimwuliza kwa nini aliacha posta, naye aliwajibu kwamba alichelewa. Hadithi ya babu yake na mtumbwi sikumsikia akiisimulia tena. Watoto wetu wadogo waliisikia kwa shangazi zao.

Yule msichana alirudi kwa mume wake baada ya mavuno. Si kwa ajili yetu. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba alirudi kwa sababu shamba lilikuwa lake pia na alichoka kusikia nguruwe wanakula mihogo yake. Lakini wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba siku moja hodi ilipigwa, nikafungua, na nje wamesimama wao wawili na kikapu cha maembe. Wamekuja Malindi kutusalimu.

Mtoto alikuwa amelala chumbani. Kabla sijafikiri, nilipita mlango wa uani nikamwinua na usingizi wake, nikamkabidhi jirani yangu juu ya ukuta, nikamwambia, "Mshike mpaka nikuite." Niliwapikia wageni, tukazungumza habari za mvua. Mume wangu na kijana walizungumza habari za magurudumu na bei ya mkaa. Hakuna aliyetaja feri. Maziwa yalinijaa mpaka yakarowesha nguo, nikavuta kanga nikafunika.

Walikuja tena, nikafanya vilevile. Jirani alianza kuniuliza kama wale watu ni wachawi. Nilimwambia, la, ni watu wazuri sana. Sikuweza kumweleza kwamba kila nikimtazama yule msichana nilihisi kama nimevaa kitu chake. Mume wangu alijua ninachofanya. Hakunikataza. Nadhani alishukuru.

Mara nyingine waliyokuja ilikuwa wakati wa kaskazi, jua kali, joto la kukosesha watu pumzi. Tulikuwa uani mimi na yeye, tunakuna nazi. Upande wa pili wa ukuta mtoto alianza kulia, kilio kile cha kunung'unika kisichokwisha. Jirani alijaribu kumbembeleza. Mimi niliendelea kukuna. Yeye aliacha.

"Huyo si mtoto wako?" akaniuliza.

Nilisema ndiyo.

"Anakaa kwa jirani?"

"Hapana. Ni leo tu."

"Nimekuja mara ngapi sijamwona. Nilidhani umempeleka kwa bibi yake." Alifuta mikono kwenye kanga. "Mlete."

Nilikwenda ukutani nikampokea. Mtoto alikuwa na macho mekundu kwa kulia, amevikwa fulana ya sufu na soksi, kwa sababu jirani yangu aliamini upepo wa bahari unaingilia miguuni. Nilisimama naye katikati ya ua nisijue nimsogeze au nibaki naye. Yule msichana aliinuka akaja yeye. Hakumchukua. Alimfunua shingo kwa kidole, akamtazama mgongoni, akamvua soksi moja kisha ya pili.

"Ana harara," alisema. "Tazama, mpaka kwenye mikunjo. Mnamvalisha hivi kwa joto hili kwa nini? Mwogeshe maji ya baridi, umwache uchi kivulini, hatalia."

Nilileta karai. Alinimiminia maji kwa kata wakati mimi nikimshika mtoto, na mtoto alinyamaza.